Noah inayokwaruza alfajiri: ilaze gari kwa fundi

Juni mwaka jana Noah yangu ilianza tabia mpya. Nikiwasha asubuhi inatoa krrrrr, kama mtu anatikisa kopo la misumari, sekunde mbili au tatu, halafu kimya. Nikiwasha tena saa nne nikitoka sokoni Kilombero, hapa Arusha, hakuna kitu. Mchana wote hakuna kitu. Kesho yake alfajiri, krrrrr. Majirani zangu wa Sakina wakaanza kunitania kwamba jogoo wao sasa hana kazi.

Gari ni ya 2003, injini 1AZ, ile ya cheni ya taiming, yaani inayopatanisha vali na pistoni. Nalisema hili mapema kwa sababu Noah za nyuma yake, zenye injini ya 3S, zinatumia mkanda wa taiming. Ya kwako ikiwa ni hiyo, fundi akikuambia cheni imelegea, muage kwa heshima.

Kosa langu lilikuwa moja tu, nikalirudia mara tatu: niliendesha gari kwenda gereji. Kutoka Sakina hadi Unga Limited, na foleni, injini inafika imechemka na oili imeshapanda kila kona. Fundi anawasha, anasikiliza, anakutazama kama umemjia kupiga soga. Wa kwanza alisema tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali. Wa pili hata boneti hakuishikilia vizuri: "Dada, hiyo injini imekwisha. Tafuta ya mtumba, nakufungia siku moja." Wa tatu alimwaga oili na kuweka nzito, namba 40, eti oili nzito inaficha kelele. Wiki hiyo krrrrr ikaenda hadi sekunde tano.

Wa nne ni mzee ambaye shughuli zake nyingi ni za malori. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza, akanikata katikati.

"Mwanangu, gari lako haliumwi mchana. Liache lilale hapa."

Niliondoka na bodaboda. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimerudi, ukungu umefunika Meru yote, mikono mfukoni. Mzee alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia maua, urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, nyingine karibu na injini. Mimi nikaambiwa nikae kwenye usukani, niwashe, na macho yangu yasitoke kwenye taa nyekundu ya oili.

Hapo ndipo nilipojifunza. Taa ilichelewa kuzima, na kelele ikakata mara tu baada ya taa kuzima. Kwa hiyo kilichokuwa kinakwaruza kilikuwa kinasubiri oili. Ingekuwa kelele inaendelea hata taa ikiwa imezima, na inagonga kwa sauti nzito ya chini, do-do-do, inayopanda ukikanyaga mafuta, tungekuwa tunazungumzia beringi za konrodi, mikono inayoshika pistoni, na yule wa injini ya mtumba angekuwa karibu na ukweli.

Kuhakikisha, alisubiri siku ya pili. Gari ikalala tena. Asubuhi akachomoa fyuzi ya EFI, mfumo wa kupulizia mafuta, ili injini isiwake, akapiga stata sekunde chache, akapumzika, akapiga tena. Hapo pampu inasukuma oili juu bila injini kuwaka. Akarudisha fyuzi, nikawasha. Kilichosikika ni "kr" fupi, moja. Jaribio hili unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani, ila usiing'ang'anize stata, utaiunguza na betri itakufia.

Kwa nini oili ichelewe? Alifungua filta akaikata kwa msumeno wa chuma mbele yangu. Ndani kuna kipande cha mpira cha duara ambacho kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, gari likizimwa. Cha kwangu kilikuwa kimekauka kama ganda la muwa. Alikikunja, kikakatika. Filta ilikuwa feki. Niliinunua mwenyewe, na nakumbuka jinsi nilivyofurahia bei yake. Kila usiku oili ilikuwa inashuka yote, na alfajiri injini inaamka kavu ikisubiri oili nzito namba 40 ipande kwenye baridi ya Arusha. Tuliweka filta jenuini na oili ya 5W-30, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hiyo 5 yenye W ndiyo inayosema oili itakimbia vipi ikiwa ya baridi.

Kelele ilipungua sana. Haikuisha.

Kilichobaki kiliweza kuwa cheni au gia ya VVT-i, ile ya kamshafti inayobadilisha muda wa vali kufunguka, na hizi mbili usizichanganye, maana matengenezo ya gia yanaweza kusubiri, ya cheni hayasubiri. Kwenye injini yangu tenshena, kifaa kinachokaza cheni, inatoka kwa nje kwa nati mbili, bila kufungua kava. Mzee aliitoa akaangalia pini yake imechomoza kiasi gani: ikiwa imetoka karibu yote, cheni imerefuka, na cheni ikiruka meno vali zinakutana na pistoni. Yangu ilikuwa na nafasi ya kutosha. (Tenshena ikiwa nje, mtu asiguse stata wala kuzungusha injini. Alinyang'anya ufunguo kabisa, akautia mfukoni.) Ikabaki gia ya kamshafti. Ndani yake kuna pini inayoifunga gia hiyo wakati injini haina presha ya oili. Tundu la pini likilika, gia inacheza mpaka oili ifike.

Vitu vya bei nafuu viangalie kabla ya haya yote. Dipstiki kwanza, asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare. Oili ikiwa chini ya alama, umeshapata jibu. Bati la kukinga joto la ekzosi lisukume kwa mkono likiwa la baridi, uone kama linacheza. Ukishuku puli ya alteneta au beringi za mkanda, vua fenibelti, ule mkanda wa nje wa injini, washa, sikiliza, zima ndani ya nusu dakika, kwa sababu pampu ya maji nayo inategemea mkanda huo huo. Na rekodi kelele kwa simu, taa ya oili ikionekana kwenye video. Fundi atakayekataa gari kulala kwake, mwonyeshe hiyo. Akikataa na video, lipeleke gari kwa mwingine.

Gia sijabadilisha. Mzee alisema nikipata nzima niifunge siku tutakayofungua kava kwa sababu nyingine. Asubuhi za baridi inatoa "kr" yake moja, natazama taa nyekundu ikizima, nawapakia watoto.