Uliza Ujibiwe: Kupima mpigaji katika besiboli ya kuigiza

SWALI: Tuko watano hapa Mikindani, tunacheza ligi ya besiboli kwenye kompyuta, kila mmoja na bajeti yake ya kununua wachezaji. Mimi hutafuta wapigaji wenye AVG (wastani wa mapigo) ya 0.300 kwenda juu na RBI nyingi, lakini kila msimu nashika mkia. Nakosea wapi?

JIBU: Pote pawili, ila RBI ndiyo inayokuumiza zaidi. Ni idadi ya mikimbio (pointi) iliyoingia kwa pigo la mchezaji, na ukiacha yeye mwenyewe kwa homurani (pigo linalomzungusha vituo vyote vinne), haiingii kama wenzake hawajafika vituoni. Kuli wa ghala lililo kando ya barabara kuu ya Masasi hushusha magunia mengi ya korosho kuliko kuli wa ghala la kijijini. Nguvu huenda ni zile zile, kilichozidi ni malori. Mpigaji wa nne kwenye orodha ndiye huyo wa barabarani. Mshushe hadi nafasi ya nane, RBI zake zitaporomoka na yeye hajabadilika chochote.

AVG nayo huhesabu kila pigo sawa, la kituo kimoja na homurani, wala haioni BB, yaani kituo cha bure baada ya mipira minne mibovu. Chukua wapigaji wawili, kila mmoja amesimama kupiga mara 525. Wa kwanza ana AB (zamu za kupiga bila kuhesabu BB) 500 na mapigo 150: 120 ya kituo kimoja, 20 ya viwili, 2 ya vitatu, homurani 8, BB 25. AVG yake ni 0.300. Wa pili ana AB 450 na mapigo 117: 65, 25, 2 na homurani 25, BB 75. AVG yake ni 0.260, nawe ungempita bila kumtazama mara mbili.

Sasa tumia kanuni ya Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, ya kukadiria mikimbio anayozalisha mpigaji: mapigo jumlisha BB, zidisha kwa jumla ya vituo vya mapigo, kisha gawa kwa AB jumlisha BB. Wa kwanza: 175 × 198 ÷ 525 = 66. Wa pili: 192 × 221 ÷ 525, karibu 81. Hiyo ni mikimbio 15 zaidi, na mikimbio 10 hivi ya ziada kwa msimu huwa sawa na ushindi mmoja. Tena wa pili ametolewa mara 333, mwenzake 350. Timu ina nafasi 27 tu za kutolewa katika mechi ya vipindi tisa. Anayezibana anawapa wenzake zamu ya kupiga.

Kama hutaki hesabu ndefu, OPS inatosha kwa mchujo wa kwanza. Kasoro yake ni kujumlisha OBP (mara anazofika kituoni kwa kila zamu) na SLG (vituo vya mapigo kwa kila AB) kana kwamba zina uzito mmoja, ilhali OBP ina thamani zaidi. Zidisha OBP kwa 1.8, ongeza SLG, gawa kwa 4. Wa kwanza anapata 0.249, wa pili 0.287.

SWALI: Sisi wa Lindi mjini tunacheza Strat-O-Matic ya kadi na dadu. Tuchague kwa takwimu za msimu au kwa kadi?

JIBU: Kwa kadi. Dadu moja huchagua safu: 1 hadi 3 ni kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 ya mrushaji. Dadu mbili nyingine hujumlishwa, na jumla hazitoki kwa usawa: 7 ina njia 6 kati ya 36, 6 na 8 njia 5, 2 na 12 njia moja moja. Safu tatu za mpigaji zina nafasi 108. Homurani iliyoandikwa kwenye 7 ni nafasi 6. Ikiandikwa kwenye 12 ni pambo tu. Matokeo yakigawanywa kwa dadu ya pande 20, mfano homurani 1–12, hesabu 6 × 12 ÷ 20 = 3.6.

Zipe nafasi hizo uzito wa takriban: BB 0.3, pigo la kituo kimoja 0.5, viwili 0.8, vitatu 1, homurani 1.4, kila kutolewa toa robo. Kadi zenye pande mbili zihesabuni kila upande peke yake, dhidi ya mrushaji wa kushoto na wa kulia. Msishangae kadi ya nyota kuonekana imetiwa chumvi: nusu ya matokeo yake hutoka kwa mrushaji, kwa hiyo lazima ifidie.

SWALI: Nimecheza mechi 25, mpigaji wangu wa 0.270 yuko 0.230. Nimuuze? (Masasi)

JIBU: Usimuuze. Katika AB 100, bahati peke yake humyumbisha kwa takriban 0.044 juu au chini, hivyo 0.230 bado ni yeye yule. Hata baada ya zamu 600, OBP hubaki na myumbo wa 0.02 hivi. Kama programu yako inaruhusu, endesha msimu ule ule mara 20 na uchukue wastani wake.