Maswali ya Wafugaji: Kupima Hali ya Mwili ya Ng'ombe wa Nyama

SWALI: Ng'ombe wangu wa nyama wana matumbo makubwa na wanaonekana wameshiba, lakini wengi huchelewa kushika mimba wakishazaa. Nimeshauriwa niwapime hali ya mwili. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kulisahau tumbo. Ukubwa wake unaweza kuwa majani, maji au ndama, nao haukuambii chochote kuhusu akiba ya mafuta chini ya ngozi, ambayo ndiyo tunayoipima. Manyoya marefu nayo hudanganya, hasa kwa anayetazama kwa mbali. Ndiyo maana tunasisitiza kupima kwa mkono.

Kipimo kinachotumika sana kwa ng'ombe wa nyama kina alama 1 hadi 9: wa 1 ni mifupa mitupu, wa 9 amenenepa kupita kiasi. Kipo pia cha 1 hadi 5. Chagua kimoja na usikichanganye na kingine.

Ng'ombe akiwa ametulia kwenye kibanio (kizimba chembamba cha kumzuia), weka kiganja juu ya kiuno, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Bonyeza kwa kidole gumba ncha za mifupa mifupi inayotokeza kando ya uti wa mgongo. Zikichoma kama ncha za vijiti, huyo ni 3 au chini yake. Ukizipata kwa kubonyeza kiasi, nazo zimeviringika, yuko karibu na 5. Kuanzia 7 utakandamiza sana ndipo uzihisi.

Kisha tazama mbavu. Mbili za mwisho zikionekana wazi, mpe 4. Kwa mwenye 5 hazionekani, ila kama amekaa muda mrefu bila kula wala kunywa. Malizia kwenye shina la mkia: aliyekonda ana mashimo pande zote mbili, na mwenye 7 ameanza kuweka vifurushi vya mafuta laini hapo. Wa 8 na 9 kidari chao kimejaa na kuning'inia.

Mtu mmoja apime kundi zima, na kila alama iandikwe pamoja na namba ya ng'ombe. Usiridhike na wastani. Kundi lenye wastani wa 5 linaweza kuwa na wanene wa 7 na wadhaifu wa 3, na hao wa 3 ndio wasioshika mimba.

SWALI: Nipime lini, na nilenge alama gani?

JIBU: Siku ya kuzaa, ng'ombe mzima awe 5, na mtamba wa uzao wa kwanza awe 6 kwa sababu bado anakua huku akinyonyesha. Mimba huchukua takriban siku 283, kwa hiyo anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 80 hivi tu za kushika nyingine. Aliyezaa akiwa amekonda huchelewa kurudi kwenye joto (kuwa tayari kupandwa), na siku hizo humpita.

Pima wakati wa kuachisha ndama, siku 90 kabla ya kuzaa, siku ya kuzaa na kabla ya kupandisha. Kama huna nafasi ya mara zote nne, usikose ile ya siku 90, maana muda wa kurekebisha bado upo. Alama moja kwa ng'ombe wa kilo 500 ni kama kilo 40. Kuipata kwa siku 80 anahitaji kuongeza nusu kilo kwa siku mwilini mwake, na nyingine kama hiyo kwa ajili ya ndama aliye tumboni, maji yanayomzunguka na kondo la nyuma. Ukingoja azae, chakula kingi kitaishia kwenye maziwa.

Watenge waliokonda pamoja na mitamba, wasisukumwe kwenye hori. Nafaka iongezwe kidogo kidogo. Ikimwagwa ghafla tumbo hujaa asidi, na ng'ombe anaweza kufa.

Usivuke 7 pia. Mafuta yakijaa kwenye njia ya uzazi, ndama hukwama.

SWALI: Wangu wana nundu. Kipimo ni hichohicho?

JIBU: Ndiyo, ila wenye nundu huweka mafuta kidogo mbavuni, hivyo mbavu pekee zitakufanya uwape alama ya chini kuliko wanavyostahili. Tegemea zaidi kiuno na shina la mkia, na itazame nundu: kwa aliyekonda sana hupungua na kulegea.

SWALI: Mmoja anakula vizuri na bado yuko 3. Kwa nini?

JIBU: Mfungue kinywa kwanza. Meno yaliyoisha au kung'oka hayakati majani mafupi. Meno yakiwa mazima, peleka kinyesi kikapimwe minyoo, ikiwemo ya ini, hasa kama analisha penye majimaji.