Hofu Huanzia Miguuni: Mkao na Akili Kabla ya Pambano la MMA

Ukitaka kujua kama mpiganaji wa MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, amejiandaa, usimtazame usoni anapoingia ulingoni. Uso unaweza kuigizwa. Tazama miguu yake katika dakika ya pili, baada ya kula ngumi moja nzito. Kwa wengi, miguu hukaribiana, visigino vyote viwili hukaa chini, mabega hupanda na kidevu huinuka. Mbinu alizojifunza miezi yote bado anazo kichwani, ila hazina pa kutokea, kwa sababu mkao uliotakiwa kuzibeba umeshavunjika.

Ndiyo maana kujiandaa kiakili na kujifunza mkao si masomo mawili. Sehemu kubwa ya kazi ya akili kwenye MMA ni kuuzoesha mwili ubaki kwenye mkao wake hata moyo ukienda mbio.

Tuanze na miguu. Simama kwa upana wa mabega, kisha tanguliza mguu mmoja kwa hatua ya kawaida ya kutembea. Anayetegemea mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto, na wa mashoto hufanya kinyume. Nyayo zisikae kwenye mstari mmoja. Bandika utepe sakafuni ukielekea kwa mpinzani: unyayo wa mbele ukae upande mmoja wa utepe, wa nyuma upande wa pili, na nafasi ya unyayo mmoja ibaki katikati. Vidole vya mbele vimtazame mpinzani au vigeuke ndani kidogo tu. Vya nyuma vifunguke nje kati ya nyuzi 30 na 45, na kisigino cha nyuma kielee kiasi cha karatasi kupita chini yake. Magoti yalegee, yasinyooke kabisa.

Uzito ugawe nusu kwa nusu, na hapa ndipo kila mtu hubanwa na mchezo aliotokea.

Aliyetoka kwenye ndondi amezoea kusimama ubavu, mguu wa mbele umegeuzwa ndani na kubeba uzito mwingi. Ndondini hakuna teke, kwa hiyo haimgharimu. Kwenye MMA mguu huo utapigwa teke la shavu la mguu, chini kidogo ya goti kwa upande wa nje. Hapo neva inapita juu ya mfupa mwembamba wa mguu, tena karibu kabisa na ngozi. Mateke machache tu yaliyotua sawasawa yanatosha kuutia mguu ganzi hadi unyayo ukatae kuinuka. Mwezi Januari 2021 mpiganaji Dustin Poirier alimfanyia hivyo mwenzake Conor McGregor, ambaye aliingia na mkao wa kindondi. Mguu ulipochoka, miondoko ikaisha, na ngumi zikafanya kazi iliyobaki katika raundi ya pili.

Aliyetoka Muay Thai, ndondi za Thailand zenye mateke, ana tatizo jingine. Anasimama wima, nyonga juu, mguu wa mbele mwepesi. Mateke anayakinga vizuri sana, lakini mtu wa mieleka akiona nyonga ziko juu namna ile anashukuru, maana ni rahisi kumdaka miguu na kumwangusha. Naye mwanamieleka anainama mno, kichwa kikitangulia mikono, na goti linamsubiri hapo. Ben Askren, bingwa wa mieleka, alidumu sekunde 5 tu mbele ya Jorge Masvidal mwezi Julai 2019, kwa sababu aliinama kumdaka na kukutana na goti la kuruka.

Mkao wa MMA, basi, uko katikati: chini kuliko wa Muay Thai, wima kuliko wa mieleka, na kifua kikiwa wazi kidogo kuliko cha bondia. Kuna majaribio mawili ya kuupima. La kwanza, mwenzako akusukume begani ghafla kwa kiganja. Ukirudi nyuma zaidi ya hatua moja, miguu yako imekaribiana. La pili, akurushie teke jepesi kwenye mguu wa mbele. Inua mguu huo na ugeuze goti nje ili teke likutane na ugoko wako. Kama unalazimika kwanza kuuhamisha mwili nyuma ndipo mguu unyanyuke, uzito umeuweka mbele mno na teke litakuwa limeshafika. Kukinga hivyo si jambo dogo: wapiganaji Anderson Silva mwezi Desemba 2013, na Chris Weidman mwezi Aprili 2021, wote walivunjika mguu kwa teke walilolipiga wenyewe likakingwa na ugoko wa mpinzani.

Kuhusu mikono, kumbuka glovu za MMA kwa kawaida ni aunsi 4, wakati za ndondi za kulipwa ni 8 au 10. Ukijifunika uso na kusubiri mvua ya ngumi ipite kama bondia, ngumi zitapenya kati ya glovu zako. Tegemea zaidi umbali na miguu, kisha mikono. Mkono wa mbele ukae usawa wa jicho, mbali kidogo na uso, ngumi ikiwa imelegea, tayari kupangua na kushika kifundo cha mkono wa mpinzani. Usimnyooshee vidole usoni, kwani ni kosa na unaweza kumchoma jicho. Ngumi ya nyuma iguse shavu. Viwiko vishuke karibu na mbavu, na cha kulia kilinde ini. Macho yatue juu ya kifua chake, pale unapoona mabega na nyonga kwa pamoja, maana mabega hutangulia ngumi na nyonga hutangulia teke.

Na tafadhali, usiige wanaopigana mikono chini. Silva alifanya hivyo kwa miaka na ikapendeza sana, hadi Weidman alipomlaza mwezi Julai 2013 akiwa katikati ya kuchezacheza.

Katika kutembea, sheria ni moja: mguu ulio upande unaoelekea ndio uanze, na mwingine ufuate kwa umbali uleule. Ukienda kulia unaanza mguu wa kulia. Nyayo zikivukana au kugusana, kwa sekunde hiyo huna mkao, na mpinzani mzuri anaisubiri hiyo tu. Uzio unaozunguka ulingo nao uuhesabu kama mpinzani wa pili. Toka pembeni ukiwa bado na hatua mbili kabla mgongo haujaugusa. Ukishaugusa umechelewa, na huwezi tena kurusha miguu nyuma kujikinga na mtu anayekudaka. Elekea mbali na mkono wake wa nyuma. Akiwa wa mashoto na wewe wa kulia, weka mguu wako wa mbele nje ya wa kwake, na uchunge sana teke lake la kushoto, kwa sababu linatua upande wako wa kulia, pale ini lako lilipo.

Kubadilisha mkao kushoto na kulia katikati ya pambano ni ufundi mzuri, ila si wa mapambano yako ya mwanzo. Tuupite.

Sasa tuje kwenye hofu. Kengele inapokaribia, mwili unamwaga adrenalini, homoni ya dharura. Moyo unapiga haraka, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi na ya kifuani, macho yanabana hadi unaona kidevu cha mpinzani tu, na sauti ya kocha inapotea. Unajisikia una nguvu kupita kiasi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu nguvu ile ukiitumia yote kwa dakika mbili, dakika ya nne mikono inakuwa mizito na huwezi hata kuiinua. Mpiganaji Francis Ngannou ni mfano wa wazi. Mwezi Januari 2018 alimvamia mpinzani wake Stipe Miocic kwa ngumi za nguvu zote tangu mwanzo, akaishiwa pumzi, na akapoteza kwa pointi baada ya raundi 5. Mwezi Machi 2021 walirudiana. Safari hii Ngannou alisubiri, akazuia jaribio la kuangushwa, na akammaliza kwenye raundi ya pili. Mikono ilikuwa ileile, ila haraka aliyokuwa nayo mwanzo hakuja nayo tena.

Dawa ya kwanza ni pumzi, na haianzi siku ya pambano. Wiki sita kabla, kila siku dakika tano, vuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko kunakotuliza moyo. Kisha lifanye zoezi hilo ukiwa umesimama kwenye mkao, halafu mara tu baada ya raundi ngumu, moyo ukiwa bado juu. Wengi hulifanya wakiwa wamelala tu kitandani, ndiyo maana linawakimbia ulingoni. Kwenye kila pigo, toa hewa kwa mkupuo mfupi. Ukimsikia mtu anapiga mapigo manne bila sauti ya pumzi, ujue ameibana, na atachoka kabla ya wakati.

Dawa ya pili ni maneno unayojiambia. Chagua matatu, na yawe ya mwili: "miguu", "kidevu", "pumzi". "Usiogope" halifai, kwa sababu mwili haujui ufanye nini ukiambiwa hivyo. "Miguu" unalitekeleza hapohapo. Kila mnapoachana baada ya kushikana, gusa shavu kwa ngumi ya nyuma, tanua miguu, toa pumzi, ndipo urudi kazini. Zoezi hilo la sekunde moja lifanyike mazoezini mara nyingi kiasi kwamba usipolifanya unajisikia uchi.

Dawa ya tatu ni kulipiga pambano kichwani. Hapa makosa ni mengi. Mtu anafumba macho na kujiona akinyanyuliwa mkono, basi. Hiyo ni ndoto tu. Kaa dakika kumi, lione pambano kwa macho yako mwenyewe, si kama unajitazama kwenye televisheni, na uingize mabaya: umeangushwa, pua inatoka damu, raundi ya kwanza umepoteza. Kwa kila baya weka jibu la mwili. Nikiangushwa, kiwiko ndani, nalala ubavu, natafuta uzio niukwee kwa mgongo. Nikiyumba kwa ngumi, sirushi ngumi ya kulipiza; naingia ndani, napitisha mikono chini ya kwapa zake, naweka paji la uso chini ya kidevu chake na kuvuta pumzi hadi miguu irudi. Majibu matatu au manne yanatosha. Ukibeba kumi, siku hiyo hutakumbuka hata moja.

Mkao nao ufundishwe ukiwa umechoka. Fanya raundi tatu za dakika 5 za kupigana na kivuli, na mapumziko ya dakika 1, na kila dakika inapoisha uongeze sekunde 20 za kulala chini na kuinuka kwa kasi. Weka simu ikurekodi kwa ubavu. Usipoteze muda kutazama mwanzo wa raundi, kwani mwanzoni kila mtu ni mzuri. Tazama sekunde 60 za mwisho na uhesabu mara ambazo nyayo ziligusana au mkono wa nyuma ulishuka. Hesabu hiyo ndiyo kazi yako ya wiki inayofuata.

Mara moja kwa wiki pigana na mwenza usiyemzoea, ukiwa na glovu ndogo lakini kwa nguvu ndogo, na mwambie mwenza aanze kabla hujajiandaa. Ugeni unaamsha hofu bila kukuharibu kichwa. Kupigana kwa nguvu zote hakukomazi kidevu kistahimili ngumi, kunakichakaza. Siku 10 za mwisho acha kabisa mapigo mazito ya kichwa. Kuhusu uzito, pambano la kwanza ulipigane kwenye uzito unaoufikia kwa chakula na mazoezi. Mtu aliyejikausha maji ili apunguze uzito anaingia akiwa mnyonge na mwenye hasira za bure, halafu anadhani ni hofu.

Chumba cha kubadilishia nguo kina ukatili wake. Ratiba haiaminiki: pambano lililo mbele yako linaweza kuisha kwa sekunde 40 au kwenda dakika zote 15. Basi gawanya kupasha mwili mara mbili. Dakika 40 hivi kabla, legeza viungo na kupigana na kivuli taratibu. Ukiambiwa linalofuata ni lako, piga pedi hadi jasho litoke, kisha vaa koti ulinde joto hilo. Anayemaliza kila kitu mapema anaingia baridi na huchelewa kuamka raundi nzima. Ukipiga miayo, ukienda haja ndogo mara tatu, miguu ikitetemeka, usishtuke. Ni adrenalini ileile, na karibu kila aliyemo chumbani humo anayo.

Kati ya raundi una sekunde 60. Kocha anyamaze sekunde 15 za kwanza, wewe upumue tu. Kisha akupe maelekezo mawili, siyo sita, na akuulize uyarudie kwa mdomo. Usipoweza kuyarudia, hukuyasikia.

Ukiangushwa kwa pigo, kumbuka refa wa MMA hahesabu hadi kumi. Anatazama kama unajitetea. Kujifunika kichwa na kutulia kunamaliza pambano hata kama akili yako iko sawa. Kwa hiyo, hata ukiwa chini, pumua, weka mguu mmoja kwenye nyonga yake, sukuma nyonga zako pembeni, mshike mkono, songa tena. Refa akiona nyonga zinafanya kazi na mikono inatafuta kitu, mara nyingi atakupa muda wa kurudi.