Privacy, askari wa chini na choo: majibu ya maswali yenu

Juzi niligusia kidogo tu neno la Kiingereza privacy, yaani mtu kuachwa na mambo yake bila kuingiliwa, sijui nilichokoza nini maana meseji zimejaa. Nimeokota hizi, wengine mnisamehe.

Hivi privacy ni Kiingereza cha asili au nao waliazima? (msomaji, Tanga)

Waliazima kama sisi tu ndugu yangu. Mzizi wake ni Kilatini, privus, maana yake -a peke yake, kitu cha mtu mmoja, halafu kuna kitenzi privare, kumtenga mtu na kitu au kumnyang'anya kabisa, ndo maana Kiingereza kina deprive mpaka leo. Hapo ndo ikatoka privatus, na Warumi walikuwa wanamuita hivyo mtu asiye na wadhifa wowote serikalini, raia wa kawaida. Yaani neno lilianza kwa kukuambia umekosa kitu. Wagiriki ndo walizidi, mtu wa hivyo kwao aliitwa idiotes, na hilo Kiingereza kimelifikisha kwenye idiot, yaani mpumbavu, mi simo.

Sasa mbona askari wa chini kabisa anaitwa private, ana siri gani?

Hana siri yoyote maskini. Ni maana ile ile ya Kirumi, hana cheo. Koplo anacho, sajenti anacho, yeye bado.

Rafiki yangu kaniambia privy ni choo. Privy Council ya Uingereza ni baraza la chooni?

Hahaha, rafiki yako hajadanganya lakini kachanganya. Privy ilipitia Kifaransa, privé, kitu cha ndani cha watu wachache, ndo mfalme akawa na washauri wake wa ndani wakaitwa hivyo. Na kile kijumba cha uani nacho Waingereza wa zamani wakakiita privy ilimradi wasikitaje kwa jina lake, na tusiwacheke, sisi tunaaga tunaenda msalani na wala hakuna anayekwenda kusali. Kwanza enzi za mkoloni kesi za Kenya na Tanganyika rufaa ya mwisho ilikuwa inakwenda huko huko London, kwenye kamati ya hiyo Privy Council, kwa hiyo babu zetu walilijua hilo jina vizuri tu.

Na privilege, yaani upendeleo maalum, ni ndugu yake?

Ndugu wa damu. Privus na lex, sheria ya mtu mmoja. Mnaojuana na wakubwa mmeielewa.

Nani alianza kusema privacy ni haki?

Wanaotajwa sana ni mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala mwaka 1890 kwenye jarida la sheria la Harvard. Kilichowakera ni kamera za kupiga picha chap chap na magazeti ya umbea, fikiria, wangeiona simu yako wangezimia. Wakaazima maneno ya jaji Thomas Cooley, haki ya mtu kuachwa kama alivyo. Brandeis mwaka 1916 akawa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Kwetu Tanzania iko ibara ya 16 ya Katiba, Kenya ibara ya 31 ya Katiba ya 2010.

Kiswahili chake ni faragha au usiri? (msomaji, Mombasa)

Faragha, na hapa nakomaa. Siri ni jambo unalolificha watu wasilijue. Ukifunga pazia ukabadili nguo hakuna siri pale, kila mtu anajua kuna nini nyuma ya pazia, unachotaka ni nafasi tu. Na neno lenyewe tumelitoa Kiarabu, linatokana na utupu, mahali pasipo na mtu. Kilatini kilianzia kwenye kukosa na sisi kwenye utupu, na hatukuambiana, mi hilo ndo linanifurahisha.

Inatamkwa privasi au praivasi?

Waingereza wengi privasi, Wamarekani praivasi. Atakayekucheka muulize faragha kwa Kiingereza inaandikwaje.