Madarasa mawili au hosteli?

Mleta mada umesema chama chenu cha wazawa mnaoishi Dar mnataka kujenga madarasa mawili kwenye sekondari ya kata yenu kule Shinyanga, ukauliza kwa nini mabinti hawamalizi kidato cha nne wakati ada ilifutwa tangu Januari 2016. Wengi hapo juu wamewashukia wazazi na mila. Mimi ni mwalimu wa mkoa huohuo, matroni wa siku nyingi, na ningeanza na umbali. Mila zipo, ila umbali ndio unaozipa mwanya.

Siwaungi mkono wanaozibeza shule za kata. Kabla hazijasambaa, kuanzia ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa 2004, binti wa huku alisubiri kuchaguliwa kwenda bweni la serikali, na nafasi zilikuwa za kuhesabu. Lakini kata ya Usukumani si kata ya Kinondoni. Kaya zimetawanyika, kila mtu na shamba lake na zizi lake, shule iko senta. Wa kitongoji cha mwisho anatembea saa mbili kwenda, mbili kurudi. Asubuhi kachota maji kwanza (kaka yake hachoti), anafika kipindi cha kwanza kimeshapita, anakutana na fimbo ya kuchelewa. Mito ikijaa haji kabisa.

Mzazi mwenye nia anampangia geto karibu na shule. Haya mageto natamani mngeyaona. Chumba cha tofali za tope, mabinti watatu au wanne, godoro moja, mafiga nje, na mfuko wa unga uliopakiwa kwenye baiskeli kutoka nyumbani. Mwezi hauishi, unga umeisha. Hapo ndipo anapojitokeza kijana wa bodaboda mwenye lifti za bure, na muuza duka anayekopesha sabuni na mchele akiandika kwenye daftari. Akija kudai, hadai hela. Mzazi yuko mbali, na mwenye nyumba anachojali ni kodi yake.

Mtasema sheria ipo. Ndiyo, tangu marekebisho ya 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na miaka 30 jela. Kesi zinafunguliwa, nimeziona. Kisha familia mbili zinakaa, ng'ombe wanahama zizi, binti anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine, na mahakamani shahidi haonekani.

Kuhusu mila nigusie moja tu, kujifelisha. Mzazi anamwambia mtoto wa darasa la saba aandike majibu ya hovyo ili asichaguliwe, maana mposaji ameshaonekana. Watoto wenyewe wanatusimulia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikubaliana na mwanaharakati Rebeca Gyumi, aliyefungua kesi, mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019, lakini kijijini hukumu hizo hazina mtu wa kuzisoma. Ila nimeona pia baba aliyekataa ng'ombe wa mahari kwa sababu binti yake alikuwa analala hosteli, anafanya vizuri, na yeye mwenyewe anatamba nako kilabuni.

Kuna aliyeandika kwamba tatizo ni kufukuza wenye mimba. Lilikuwa. Shule niliyoanzia kazi, kila tukifungua muhula mabinti walipangwa mstari wakapimwa, na wenye wasiwasi hawakuripoti kabisa, hata wasio na mimba. Zuio la waliojifungua kurudi shule liliondolewa Novemba 2021. Waliorudi niliowafundisha ni wale ambao bibi alikubali kubaki na mtoto. Asiye na bibi wa kulea, waraka pekee haumsaidii.

Sasa hizo hela zenu. Jengeni hosteli. Shule za bweni za wasichana ambazo serikali inajenga, moja kila mkoa, ni jambo jema, lakini zinachukua waliofaulu sana. Huyu wa wastani anabaki kwenu. Na sera mpya ya elimu inafanya elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa hiyo hata wale waliokuwa wakijifelisha watakuja kidato cha kwanza. Watalala wapi?

Lakini msijenge jengo mkapiga picha mkaondoka. Hosteli za shule za kata zinaendeshwa kwa michango ya wazazi: madebe ya mahindi, maharage, hela ya mpishi na kuni. Asiye na debe anarudi geto, na huyo ndiye hasa mliyemkusudia. Tengeni fungu la chakula cha wasiojiweza, likae kwenye akaunti ya shule, bodi na mtendaji wa kata wasomewe matumizi kila muhula. Kisha tangi la maji, uzio, taa za sola mpaka vyooni, tanuri la kuchomea taulo za kike, na chumba cha matroni ndani ya uzio huohuo. Nimeona hosteli nzuri ya bati jipya ambayo matroni wake alikuwa anaishi senta. Saa mbili usiku geti lilikuwa linafunguliwa na yeyote. Hela isipotosha vyote, punguzeni vitanda, chumba cha matroni kibaki.