Fremu ya kike ya zamani inafaa, ila pima kwanza

Umeuliza kama fremu ya zamani ya baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, inafaa kuwekewa magurudumu mapya na kubebeshwa mizigo. Inafaa kabisa, mradi iwe ya chuma na isiwe na ufa. Kagua hasa pale mabomba yanapoungana mbele, karibu na usukani. Rangi ikiwa imepasuka kwa mstari mwembamba au imevimba, achana nayo. Kutu ya juujuu haina neno, msasa unaiondoa. Na jaribu kama bomba la kiti linasogea. Likigoma, utapaka mafuta ya kulegeza kutu na kusubiri sana.

Kuhusu magurudumu mapya unayoulizia: usinunue kabla hujapima upana wa nafasi ya nyuma inamokaa habu (kitovu cha gurudumu). Fremu za zamani za gia moja mara nyingi zina milimita 110 hadi 120, wakati habu nyingi za gia za nje (zile ambazo cheni huruka kutoka gia moja hadi nyingine) hutaka 130 au 135. Chuma hukubali kupanuliwa milimita chache, tena polepole, pande zote sawasawa. Aluminiamu usithubutu. Mimi ningeweka habu ya gia za ndani, yaani zilizofichwa ndani ya habu yenyewe, cheni inanyooka na kazi inapungua.

Kama rimu za sasa ni za inchi 27 (kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa) na unaweka za milimita 622, raba za breki lazima zishuke milimita 4. Angalia kama mikono ya breki inafika.

Mizigo mizito weka chini, pembeni mwa gurudumu. Fremu hizi hujipinda zaidi kidogo kuliko zenye bomba la juu, na kwenye mteremko utausikia usukani ukitikisika.