Maswali yenu kuhusu Buster Keaton

Tangu nimtaje katika safu hii Buster Keaton, mchekeshaji na mwongozaji wa Marekani wa enzi ya filamu zisizo na sauti, maswali yamekuwa yakimiminika. Nayajibu machache.

Mbona hacheki kamwe? Alikuwa na maradhi ya uso?

Hakuwa na maradhi. Alizaliwa mwaka 1895 huko Piqua, Kansas, na wazazi wake walizunguka Marekani wakifanya vichekesho vya jukwaani. Walimwingiza jukwaani angali mdogo sana, na kiini cha mchezo kilikuwa baba kumrusha mwanawe huku na huku. Nguo za mtoto zilishonewa mpini wa sanduku ili apate pa kumkamatia. Mtoto akagundua kwamba akicheka yeye, watazamaji wanapoa. Akikaza uso, wanavunjika mbavu. Akaushikilia uso huo. Lakini mtazameni macho: hofu, aibu, mapenzi, hesabu za haraka za mtu anayetafuta pa kukimbilia, yote yamo.

Zile hatari alizifanya mwenyewe, au ni ujanja wa kamera?

Karibu zote alizifanya mwenyewe. Katika *Steamboat Bill, Jr.* ya 1928, upande mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia wakati wa kimbunga, naye anasalimika kwa kuwa amesimama pale hasa linapoangukia dirisha la juu lililo wazi. Ukuta ulikuwa mzito kweli, na nafasi iliyomtenga na fremu ya dirisha ilikuwa inchi chache. Angesogea hatua moja, angekufa mbele ya kamera.

Katika *Sherlock Jr.* ya 1924 hakusalimika hivyo. Anakimbia juu ya mabehewa, anadandia bomba la tangi la maji la reli, maji yanamshukia kwa kishindo na kumbwaga relini. Alipata maumivu makali ya kichwa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye eksirei ikaonyesha kwamba shingo yake iliwahi kuvunjika. Tukio lenyewe limo kwenye filamu. Utamwona akiinuka na kukimbia.

Aliwahi kumtumia mtu mwingine katika *College* ya 1927, kwenye kuruka kwa upondo hadi dirishani: ni Lee Barnes, bingwa wa Olimpiki wa 1924.

Kinachonivutia mimi zaidi ni pale alipoiweka kamera. Aliiweka mbali kiasi cha mwili wote kuonekana, na hakupenda kuikata picha katikati ya tendo. Alitaka mtazamaji aone kwa macho yake kwamba hadanganywi. Kicheko chake kinatoka hapo.

Nimeitazama *The General* nikashindwa kuifurahia. Shujaa yuko upande wa watetezi wa utumwa! Mnaisifia nini?

Una haki ya kukereka. Filamu ilitokana na kisa cha kweli cha 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: watu wa Kaskazini waliiba kichwa cha treni huko Georgia, wa Kusini wakawafukuza. Keaton alikisimulia kwa upande wa Kusini, na utumwa, uliokuwa kiini cha vita ile, hauzungumzwi. Katika *College* anajipaka rangi nyeusi usoni ajifanye mhudumu Mweusi. Sitayatafutia udhuru hayo.

Ninachosifia ni kazi ya mtu mmoja na mashine. Kila kichekesho kinatokana na jinsi treni inavyofanya kazi: kuni, reli, breki, fito za magurudumu. Mwaka 1926, karibu na Cottage Grove, Oregon, kichwa cha treni halisi kilipitishwa juu ya daraja linaloungua, kikatumbukia mtoni. Hapakuwa na nafasi ya kurudia. Mabaki yake yalikaa mtoni hadi Vita vya Pili vya Dunia, yalipotolewa kama chuma chakavu. Filamu ilipotoka haikufanya vizuri sokoni. Mwaka 1989 ikawa miongoni mwa za kwanza kuingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Itazame tena, na hayo mengine usiyanyamazie.

Chaplin au Keaton?

Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake wa enzi ile, anataka umpende, na unampenda. Keaton hakuombi kitu. Mimi ni wa Keaton. Ukitaka kuwaona pamoja, tafuta *Limelight* ya 1952.

Ni kweli filamu za sauti ndizo zilizommaliza?

Sivyo. Sauti yake ilikuwa nzito na ilizoea jukwaa. Kilichomwangusha ni mkataba. Mwaka 1928 aliacha kujitegemea akaingia MGM, studio kubwa ya filamu ya Hollywood, ingawa Chaplin alimwonya. Mtu aliyezoea kubuni vichekesho papo hapo akawa anapewa maandishi ya wengine ayafuate. Pombe ikamzidi, ndoa ikavunjika, na mwaka 1933 wakamfukuza. Baadaye aliiita hatua ile kosa kubwa la maisha yake. Hata hivyo aliinuka. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, wakaishi pamoja hadi alipofariki 1966, na mwaka 1960 alipewa Oscar ya heshima.

Shikamoo. Nianze na ipi, nikitazama na wanangu?

Marahaba. Anza na *One Week* ya 1920. Haifiki nusu saa. Maharusi wanapewa nyumba ya kuunganisha wenyewe, hasimu wao anabadilisha namba za makasha, na nyumba inatoka imepinda kila upande. Ni halali kuitazama bure mtandaoni, kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha Marekani. Chagua nakala iliyosafishwa, maana zile mbovu zinakimbizwa mno na picha imefifia. Na treni ikitokea mwishoni, usiwaambie watoto lolote.